Siku Mhoja Alipomaliza Upepo wa Meli

Mume wangu Mhoja hakujua kunong'ona. Miaka yote aliyofanya kazi chini ya meli, ndani ya ule mngurumo, masikio yake yalizoea kelele, akawa anazungumza na kila mtu kana kwamba mtu huyo yuko ng'ambo ya mto. Akienda kuungama, padri alikuwa akituomba sisi wa kwenye foleni tusogee kwanza nje ya kanisa. Tulisogea, na tulisikia vilevile. Hakuwa na dhambi za maana. Nyingi alizozitaja nilikuwa nimeshamsamehe nyumbani.

Naandika habari zake kwa sababu wajukuu wananiuliza babu yao alikuwa mtu gani, na nimemsikia mmoja akiwaambia wenzake kwamba alikuwa kuli wa bandarini. Alianza ukuli, sikatai. Hakuishia hapo. Na mimi niliishia darasa la nne, ila lile la masista wa zamani, ambalo ukikosea neno moja unaandika ukurasa mzima upya. Kwa hiyo naandika kwa mkono wangu.

Mhoja alizaliwa Misungwi kwa watu wa ng'ombe. Alikuja Mwanza akiwa kijana, akabeba marobota ya pamba pale bandarini, kutoka kwenye behewa mpaka kwenye meli. Siku moja alichungulia kwenye tundu la sitaha, akaona injini. Aliniambia alidhani kuna nyumba imejengwa ndani ya meli, maana ilikuwa na ngazi, ina vizuizi vya kushika, na watu wanatembea juu yake wakiwa na makopo ya oili. Jioni ile hakurudi kwenye marobota. Alikwenda kwa fundi mkuu wa wakati huo, akamwomba kazi yoyote. Akapewa matambara afute oili sakafuni. Akafuta. Baadaye akapewa kopo la oili, baadaye spana, baadaye zamu yake mwenyewe. Miaka ile ya ruksa ilipofika, mashirika yakaanza kuuzwa na kila mtu akawa mfanyabiashara, Mhoja ndiye alikuwa fundi mkuu wa meli ya Irugwa, na alitaka kila mtu ajue. Ovaroli yake niliipiga pasi. Sijui mwanamke mwingine mtaani kwetu Mabatini aliyepiga pasi ovaroli.

Sasa niwaeleze hiyo injini, maana bila kuielewa hamtaelewa kilichotokea.

Nilikuwa nikimpelekea chakula meli ikiwa imefunga gatini, na nikishuka ngazi ananieleza kwa sauti yake ileile. Ilikuwa na silinda sita zimepangwa mstari, kila moja imenizidi kimo. Pistoni moja ukiitoa na kuigeuza, mtoto anaoga ndani yake. Haikuwa na ufunguo wala kiberiti.

"Mama Odeta," aliniambia siku moja, "umewahi kujaza upepo baiskeli, halafu ukashika pampu kule chini?"

"Inaunguza."

"Inaunguza nini na hujaweka moto?"

Niliweka kikapu chini nimsikilize.

"Hewa ukiibana inapata joto! Ukiibana sana inapata joto la kuchoma. Humo kwenye silinda inabanwa mpaka ukiinyunyizia dizeli kidogo, dizeli inawaka yenyewe. Ikiwaka inapiga pistoni chini, pistoni inageuza mhimili, mhimili unageuza panga kule majini. Hii ikishuka ile inapanda, inabana hewa yake, nayo inawaka. Basi, tunakwenda Bukoba."

"Na ikiwa imelala? Nani anaibana hewa mara ya kwanza?"

Alifurahi kama mwalimu. Akanipeleka ukutani kwenye mitungi miwili ya chuma, minene kama mapipa ya maji. Akasema ndani mna upepo ulioshindiliwa na mashine inayoitwa kompresa. Ukitaka kuamsha injini unaufungulia upepo ule, unaingia silinda hii, halafu ile, halafu ile nyingine, kwa zamu, unasukuma pistoni kwa nguvu. Injini inaanza kujigeuza polepole. Ikishika mwendo unakata upepo na kuipa dizeli. Hapo inaamka.

"Na upepo ukiisha?"

"Upepo ukiisha," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona anashusha sauti, "una nyumba ya chuma inaelea."

Meli ile haikuwa na gia ya kurudi nyuma. Kapteni akitaka kurudi nyuma, injini inazimwa kabisa, inaamshwa upya ikigeukia upande wa pili. Kila kuamsha ni upepo. Kwa hiyo kapteni mwenye maringo, wa kwenda mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena ili watu gatini wamwone, alikuwa adui wa Mhoja. Na honi ya meli nayo ilikula kwenye mitungi ileile.

Hapo kwenye honi ndipo anapoingia mama yangu.

Mama yangu Bernadeta alikaa ng'ambo, upande wa Sengerema, kijiji kilicho juu ya mwamba ukingoni mwa ziwa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Akimwona anakuja njiani anaingia vichakani, na mama mkwe naye anaangalia pembeni kama hajaona majani yakitikisika. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawaitani. Mhoja alimheshimu mama yangu sana, na alisikitika kwamba hana njia ya kumwonyesha. Basi tangu alipopata cheo, meli ikipita chini ya mwamba ule, alimwomba kapteni apige honi moja ndefu. Mama anatoka nyumbani, anasimama ukingoni, anapiga vigelegele. Ndiyo salamu yao. Miaka na miaka walisalimiana hivyo, mmoja yuko chini ya sitaha na mwingine yuko juu ya mwamba, na hawakuvunja adabu hata siku moja.

Kapteni wetu, Alexander, Mkerewe mmoja mnene mwenye kicheko, alikuwa akisema, "Mhoja, wenzako wanapeleka sukari ukweni. Wewe unapeleka kelele."

"Sukari inaisha!" Mhoja anajibu kutoka chini.

Basi. Shirika lililokuwa na meli likaishiwa dizeli, likaishiwa vipuri, mwishowe likaishiwa hata wakubwa wa kulalamikiwa. Irugwa ikafungwa gatini miezi mingi. Mabaharia wengi wakaachishwa, wakaenda viwanda vya minofu ya sangara. Mhoja hakuachishwa, maana lazima awepo mtu wa kuangalia maji yasiingie. Kila asubuhi alikwenda, akaizungusha injini kidogo kwa mkono wa chuma ili isigande, akaipaka oili, akarudi.

Ndipo akaja Bwana Nurudin. Nurudin alikuwa mtu wa mjini, ukoo wa wafanyabiashara wa tangu zamani, ana malori na ana duka karibu na msikiti. Mtu wa kanzu nyeupe na maneno machache. Alizunguka meli nzima, akashuka hadi chini, akaiangalia ile injini kwa muda mrefu.

"Fundi, hii inaamka?"

"Inaamka!" Mhoja alimpigia kelele sikioni.

"Nasikia, nasikia. Sasa nikwambie. Nataka kuleta ndizi kutoka Bukoba. Nikiona kwa macho yangu inaamka na inatulia, nachukua meli kama ilivyo, na injini yake, na wewe juu yake. Isipoamka, nachukua chuma. Vijana wa Nyakato watakuja kuikata vipande."

"Injini hii?" Mhoja akasema. "Injini iliyowahi kubeba..."

"Mimi sinunui historia, Fundi. Nanunua ndizi zifike Mwanza zikiwa kijani."

Wakakubaliana siku. Mhoja alikuja nyumbani hakula. Usiku alizungumza usingizini, na majirani kesho yake wakaniuliza silinda ya tatu ina shida gani.

Alijiandaa kama mtu anayeoza binti. Mtungi mmoja mkubwa ulikuwa unavuja kwenye koki, hakuutumaini. Ule mwingine aliujaza mpaka mshale wa geji ukasimama mwisho, kwa umeme wa nchi kavu uliovutwa kwa waya kutoka bandarini. Miaka ile umeme ulikuwa wa mgao, na siku yenyewe ilikuwa zamu yetu ya giza. Mhoja akasema haidhuru, mtungi umejaa, unatosha kuamsha mara kadhaa na wa akiba unabaki.

Akanituma kwa mama. "Mwambie mayu aje na wanangoma. Injini ikiamka nataka ngoma ipigwe gatini. Mji mzima ujue."

Mama hakungojea kubembelezwa. Alivuka na kivuko cha Kamanga pamoja na kundi la Ndalahwa, wale wa ngoma ya majembe, ambao msimu wa kilimo huenda shamba hata shamba wakilima kwa mdundo mmoja, na msimu ukiisha hucheza wakirusha majembe juu na kuyadaka. Walifika na ngoma zao na majembe begani, jasho linawatoka, wakasimama juu ya mawe kando ya gati. Mama katikati na khanga mpya. Mhoja alikuwa sitahani anawaonyesha mabaharia wachache waliobaki kamba za kufungua. Alipomwona mkwewe akajificha nyuma ya boti ya kuokolea, mzima mzima, na ovaroli yangu ya pasi.

"Kapteni!" alinong'ona, yaani akapiga kelele. "Mkwe wangu huyo! Msalimie!"

Kapteni Alexander akavuta kamba ya honi. Mlio mmoja mrefu. Nyuso zote za bandarini zikageuka. Mama akajibu kwa vigelegele, na kundi lote la Ndalahwa likaitikia naye.

Siku nyingine salamu ingeishia hapo, maana meli ingekuwa imeshapita. Siku ile meli imefungwa, haiendi popote. Kapteni akasikia vigelegele, akaona si adabu kumwacha mkwe wa fundi wake bila kumjibu. Akapiga honi. Mama akasikia honi, akaona mkwewe anamheshimu mara ya pili mbele za watu, atanyamazaje? Akapiga vigelegele. Ngoma zikaingia. Kapteni akajibu ngoma. Wale wa sokoni wakaja kutazama, nao wakapiga vigelegele, na kapteni akaona hata hawa hawawezi kuachwa. Mhoja nyuma ya boti alikuwa anacheka mpaka machozi, anachungulia kwa jicho moja amwone mama yangu alivyofurahi. Chini, kwenye chumba cha injini, hapakuwa na mtu wa kuangalia geji.

Nurudin alipofika, honi ilikuwa imeanza kukwaruza kama mzee mwenye kikohozi. Mimi nilikuwa ngazini na kikapu changu cha chakula. Nilimwona Mhoja anasikia ule mkwaruzo. Kicheko kilikatika usoni kwake.

"Kapteni, acha! Acha!"

Akashuka ngazi bila kukanyaga vidato, nadhani aliteleza kwa mikono tu. Nikamfuata. Mshale wa geji ulikuwa umelala chini kabisa, umebakiza upana wa unyoya kufika sifuri. Akaugonga kwa kidole, kama utasimama kwa kugongwa.

Juu Nurudin akaita, "Fundi! Mimi niko tayari. Wewe je?"

Angefanya nini? Akafungua. Upepo kidogo uliobaki ukaingia. Injini ikajinyoosha, ikapumua, kama ng'ombe anayetaka kusimama akaona uvivu. Mhimili ukageuka nusu, ukarudi. Ikalala. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele yoyote niliyowahi kusikia humo.

Nurudin akashuka, kanzu ameikunja mkononi isichafuke. "Ndiyo hivyo?"

"Upepo umeisha," Mhoja akasema.

"Umekwenda wapi?"

Mhoja akanitazama mimi. Mimi nikatazama kikapu. "Ukweni," akasema.

Nurudin alimwangalia, halafu akaangalia juu ambako vigelegele bado vilisikika, na nikaona ndevu zinatikisika kidogo. Lakini hakuwa mtu wa kuyumba. "Jaza mwingine."

"Kompresa inataka umeme. Umeme umekatika. Jenereta ya meli nayo inaamshwa kwa upepo."

"Kwa hiyo unahitaji upepo ili upate umeme ili upate upepo."

"Ndiyo."

"Nyie watu wa meli," Nurudin akasema. Akaangalia saa. "Naenda kuswali Alasiri. Halafu nina watu sokoni. Nikirudi nikikuta inaguruma, maneno yetu ni yaleyale. Nikikuta imenyamaza, usiniite tena. Nitawaita wa Nyakato."

Alipoondoka, Mhoja alikaa kwenye ngazi. Nikammiminia chai. Alikunywa nusu, akaweka kikombe, akasimama. Nyuma ya jenereta, chini ya matambara, palikuwa na kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku na kudhani ni takataka. Pampu ya mkono, ya chuma, yenye mikono miwili mirefu, wawili wanavuta huku na wawili huku. Iliwekwa na waliotengeneza meli kwa siku mbaya kama ile. Ilikuwa inajaza mtungi mmoja mdogo, wa kutosha kuamsha jenereta na si zaidi. Jenereta ikiamka itatoa umeme, umeme utaendesha kompresa, kompresa itajaza mtungi mkubwa, mtungi mkubwa utaamsha injini. Ni kama kuwasha moto siku ya mvua. Huanzi na gogo, unaanza na nyasi kavu, halafu vijiti.

Mabaharia wakashika. Walikuwa wachache, na miezi ya kukaa bila kazi iliwalegeza. Kwanza pampu iliruka juu chini kama mchezo. Upepo ulipoanza kujaa, ikawa nzito kana kwamba mtu amekaa upande wa pili. Wakapokezana, wakatweta, mmoja akaenda kutapika. Mshale wa geji ndogo ulikuwa umepanda upana wa ukucha.

Kapteni Alexander akapanda juu, akarudi na Ndalahwa. Sijui alimweleza nini. Ndalahwa alikuwa mtu mrefu, mikono kama makasia. Akaitazama pampu, akawatazama mabaharia waliolala sakafuni.

"Hii ni kazi, au kuna kazi nyingine mmetuficha?"

"Ijaribu," Kapteni akasema.

Akaijaribu peke yake, akaguna. "Haina tofauti na shamba la udongo mweusi. Tatizo lenu mnavuta kila mtu na moyo wake. Leteni ngoma."

Ngoma haikupita mlangoni, ikabaki juu, kwenye kichwa cha ngazi. Watu wakashuka. Ndalahwa akawagawa, Wagalu upande huu na Wagika upande ule, na hapo nikajua kwamba kazi itafanyika, maana hao ni vyama viwili vya ngoma, wamekuwa wakishindana tangu babu zao.

"Mgalu akichoka, aseme mapema tumletee uji!"

"Mgika akichoka hasemi, anaanguka tu!"

Likabaki jambo la mama. Wimbo wa kulimia kwenye kundi lile aliuanzisha yeye, hakuna mwingine anayeweza kuushika. Na Mhoja yuko chini. Chumba ni kimoja, ngazi ni moja. Watu wakatazamana. Mama akaamua mwenyewe. Alikaa kidato cha juu kabisa, mgongo ameuelekeza chini, uso ameuelekeza ziwani, akajitanda khanga kichwani. Mimi nikawekwa katikati ya ngazi.

"Mwanangu, muulize mumeo kama tuanze."

"Baba Odeta, mayu anauliza tuanze?"

Mhoja alikuwa hatua chache kutoka hapo. Alikuwa amesikia, nchi nzima ilikuwa imesikia. Akageukia ukuta. "Mwambie mayu, kwa heshima yake, tuanze!"

"Amesema nini?" mama akauliza, kwa adabu tu.

"Anasema tuanze."

Akaanzisha. Ngoma ikajibu juu, chuma kikajibu chini. Pampu ikaacha kuruka na kuyumba, ikawa inakwenda na mdundo, juu na chini, juu na chini, watu wanaingia na kutoka bila mkono kusimama, kama wanavyopokezana jembe. Wagalu wakafika wanapochoka, wakaona Wagika wanawatazama, wakaendelea. Niligawa michembe ya viazi na maji. Mshale ukapanda. Mhoja alikuwa amepiga magoti mbele ya geji, jasho linadondoka puani, anatazama mlango kila mara kama Nurudin atatokea.

Na hapo haraka ikamshinda. Mshale haujafika alama nyekundu, akasema umekaribia, akafungua. Jenereta ikakohoa, ikazunguka, ikakohoa tena, ikazima. Mtungi mtupu. Kazi yote ile!

Wagalu wakaketi chini. Mmoja akasema hili shamba lina mwenyewe mchawi. Ngoma ikanyamaza.

Kutoka juu mama akasema bila kugeuka, "Mwanangu."

"Naam, mayu."

"Mwambie mumeo, mwanamke akipika ugali, mwanamume hafunui sufuria. Anangoja aitwe."

"Baba Odeta, mayu anasema..."

"Nimesikia!" Mhoja akajibu, halafu akakumbuka adabu. "Yaani, niambie amesema nini."

Nikamwambia. Watu wakaanza kucheka, kwanza Ndalahwa, halafu wote, mpaka Mhoja mwenyewe akacheka huku amejifunika uso kwa tambara la oili, akajipaka weusi wote. Ndalahwa akatema mate viganjani, akashika mkono wa pampu. "Kwa palizi ya pili," akasema, "magugu huwa machache."

Mara hii Mhoja alikabidhi koki kwa Kapteni, akakaa mbali nayo, mikono kwapani. Mama aliimba wimbo mwingine, mrefu, wenye majina ya mashamba yote waliyowahi kulima. Mshale ukafika kwenye alama nyekundu, ukaipita kidogo. Mama akamaliza ubeti, akasema kwa sauti ya kawaida, "Sasa aitwe."

"Baba Odeta, unaitwa."

Akafungua. Jenereta ikakohoa mara moja tu, ikashika. Taa za chumba zikawaka, hafifu, halafu nyeupe. Watu wa Ndalahwa wakapiga kelele kama wameona nyati. Kompresa ikaanza kugongagonga upande wa ukuta, na sasa mtungi mkubwa ukajaa bila mkono wa mtu. Ni kazi ya taratibu, hakuna wimbo unaoiharakisha. Mhoja akazunguka injini yake silinda kwa silinda. Akafungua koki ndogo za juu na kuigeuza polepole kuona kama kuna maji yaliyoingia, yakatoka matone machache. Akafunga. Akasukuma oili kwenye mhimili. Akashika kila silinda kwa kiganja, anavyoshika shingo ya ndama.

Tulisikia viatu vya Nurudin sitahani. Akapita pembeni ya mama, akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, mimi siruhusiwi kugeuka."

Nurudin akabaki pale juu, karibu na bomba la moshi, anachungulia chini. "Fundi, mbona nasikia kelele ndogo? Mimi nilinunua kubwa."

"Hujanunua bado!" Mhoja akamjibu, akavuta mkono wa chuma.

Upepo uliingia kwa mlio ambao sijausikia tena popote, mlio wa kitu kikubwa kinachovuta pumzi. Pistoni ya kwanza ikashuka. Ya pili. Mhimili ukaanza kugeuka, mzito, mzito, halafu si mzito sana. Mhoja akakata upepo, akatia dizeli. Du. Kimya kidogo. Du. Du. Halafu zote sita zikaingia, sakafu ikatetemeka, vikombe kikapuni mwangu vikaanza kugongana, na huko juu bomba la moshi likatema masizi ya miezi yote ile kwa mkupuo mmoja.

Nurudin alikuwa chini yake. Aliposhuka ngazi, kanzu ilikuwa na madoa kama manyoya ya kanga, na ndevu zake za mvi zimekuwa nyeusi kama za kijana. Mhoja akamwona, akafungua mdomo aombe radhi. Nurudin akainua mkono. Akasimama mbele ya injini muda mrefu, anaisikiliza kama inatulia. Ikatulia. Akaweka kiganja juu ya silinda, akakiondoa upesi kwa joto, akacheka.

"Hawa waliokuwa wanapiga pampu," akauliza kwa kupaza sauti, "ni wafanyakazi wako?"

"Ni wakwe zangu!"

"Wote?"

"Wote!"

"Basi nimeinunua," Nurudin akasema. "Na kama itakataa tena, najua pa kwenda."

Walishikana mikono, mmoja na masizi, mwingine na oili. Kapteni Alexander alikuwa anafuta macho kwa kofia yake, anasingizia moshi.

Jua lilikuwa bado lipo juu ya vilima vya Sengerema. Kivuko cha mwisho kilikuwa kimeshaondoka, na Nurudin alitaka kuiona meli ikitembea kabla hajatia sahihi. Akaamuru wageni warudishwe kwao na Irugwa. Kamba zikafunguliwa. Tukatoka gatini taratibu, tukageukia ng'ambo.

Mhoja alibaki chini na injini yake, mama alikaa juu kwenye kiti cha kapteni, sasa anageuka mbele na nyuma anavyotaka. Kati yao palikuwa na sitaha ya chuma, na adabu ikatosha. Nilipanda na kushuka ngazi ile nikipeleka maneno, huyu anamuuliza huyu kama amekula, huyu anamwambia huyu asante. Watu wa Ndalahwa walikuwa wamevuta ndoo ya maji ya ziwa kwa kamba, wameizunguka, wanachovya viganja vyao vilivyochubuka, Mgalu kwa Mgika, na kubishana ni upande gani uliojaza upepo mwingi zaidi.